Sentensi Niliyoitafsiri Vibaya

Mwanangu Tekla,

Alhamisi ya wiki iliyopita ulikuja jikoni na daftari lako ukaniuliza, "Baba, hii sentensi mbona inanichanganya? She put off going to the hospital. Sasa huyu alizima nini tena wakati anakwenda hospitali?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuambia ngoja kidogo, nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia kuku, na niliporudi nikaanza habari nyingine. Ulinitazama, kisha ukalifunga daftari taratibu. Ulidhani baba hajui, ukanisitiri nisiaibike mbele ya shangazi yako.

Ninajua, Tekla. Katika Kiingereza chote nilichowahi kusoma, hakuna sentensi ninayoijua kuliko hiyo. Yule mwanamke hakuzima kitu. Aliahirisha kwenda hospitali. Put off ikifuatwa na kitenzi chenye -ing mkiani ni kuahirisha, ni kusema si sasa, ngoja kwanza. Sisi huku tumezoea put off the light, zima taa, na tukishazoea tunadhani neno lina mlango mmoja tu.

Jioni hii umekwenda Kirumba kumuaga bibi yako, na begi lako la safari ya kesho kwenda chuoni liko hapa karibu na mlango. Habari za sweta, za kuficha tiketi, za kutoacha mkoba dirishani treni ikisimama, shangazi yako amekwisha kukuambia na wewe umekwisha kuchoka kuzisikia. Mimi nataka kulijibu swali lako. Jibu lenyewe ni refu na litakuumiza. Ninaliandika kwa sababu ningekuambia ana kwa ana ningeuona uso wako, na nikiuona ningeanza kupunguza maneno.

Unajua kwamba kabla ya kiwanda nilikuwa mwalimu. Kiingereza nilikipata kwa kukariri, na nikakifundisha kwa kukaririsha. Nilikuwa na orodha yangu niliyoiandika ubaoni kila mwaka: give up, go on, keep on, put off. Watoto walipaswa kujua jambo moja tu, kwamba baada ya hayo kitenzi kinachofuata kinapewa -ing. Basi darasa zima lilikuwa likiimba: give up smoking, go on walking, keep on trying, put off going. Mitihani walifaulu. Wakaguzi walinisifu.

Siku moja msichana aliyeitwa Devota alinyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo put off going, kwa Kiswahili ni nini?"

Sikujua. Ningesema sijui, tutaangalia kesho, ingekwisha pale. Badala yake nilimwambia asipoteze muda wa wenzake, nikamsimamisha mpaka kipindi kikaisha. Kamusi ilikuwa kabatini kwa mwalimu mkuu, upande wa pili wa uwanja wa mstarini. Sikwenda kuifungua siku ile, wala muhula ule, wala mwaka ule. Niliona mwalimu anayetafuta neno kwenye kamusi mbele ya watoto amekwisha kushuka.

Kisha ikaja miaka ile mambo yalipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni na redio, mitumba ikamwagika sokoni, na huku ufukweni vikaota viwanda vya kukata minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya. Mshahara wa mwalimu ulikuwa unakuja ukitaka. Kiwanda kimoja kikatafuta mtu wa kusimama katikati ya wageni na wafanyakazi, anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kisukuma kidogo. Nilikwenda. Msimamizi wa mitambo, Mwingereza mzee tuliyekuwa tukimwita Bwana Haris, aliniuliza maswali matatu, nikayajibu, akasema very good. Siku ile nilipanda kilima cha kurudi nyumbani kama bwana harusi.

Mama Kulwa ndiye aliyekuja wa kwanza kunipongeza. Unamkumbuka kama jirani. Mimi nataka umkumbuke zaidi ya hapo. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka sita, ukawa hulali mpaka ubebwe, na shangazi yako alikuwa bado hajaja kukaa nasi. Mama Kulwa alikuwa na pacha wake wawili, Kulwa na Doto, na bado alikubeba wewe mgongoni, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, akizunguka nawe uani huku anapika ugali wa nyumba mbili. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kiwandani. Walimweka kwenye mashine ya kusaga barafu, ile barafu ya kufunika samaki. Alinishukuru kwa kupiga magoti. "Wabeja sana, Mwalimu," alisema. Pale kiwandani wote waliniita Mwalimu, na nililipenda jina hilo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Umeme ulikuwa umekatika kwa mgao. Jenereta ya chumba cha baridi ilikuwa inanguruma, lakini haikuwa na nguvu ya kuendesha mashine ya barafu, kwa hiyo ile mashine ilikuwa imenyamaza na Mama Kulwa alikuwa amesimama kando yake na brashi na ndoo. Bwana Haris alipita haraka akielekea gatini, boti moja ilikuwa imekuja na samaki. Aliniambia bila kusimama, "Tell her to put off cleaning the crusher. The switch is no good."

Crusher ni ile mashine. Switch is no good, kitufe si kizuri. Hilo nililielewa. Lile la mbele lilinipa shaka. Nilikumbuka orodha yangu, put off, kisha -ing, nikajua kwamba sentensi ni sahihi kabisa kisarufi. Maana yake sikuwa nayo. Nikaijenga mwenyewe kwa haraka: put off, zima, cleaning, kusafisha. Kitufe si kizuri, kwa hiyo kizimwe vizuri kwanza, ndipo asafishe. Bwana Haris alikuwa hatua kumi mbele yangu. Ningemwita. Ningesema, samahani, sijakuelewa. Alikuwa mtu mpole, angegeuka. Lakini wafanyakazi wa meza ya minofu walikuwa wananitazama, na Mwalimu haulizi mbele ya wanafunzi.

Nikamgeukia Mama Kulwa. "Zima, halafu uisafishe."

"Nisafishe?"

"Ndiyo. Zima kwanza."

Akabonyeza kile kitufe chekundu. Akapandisha kanga, akaingiza mkono na brashi ndani. Mimi nikaondoka.

Kitufe kilikuwa kibovu, Tekla. Kilibonyezeka tu, hakikuzima. Fundi alikuwa njiani kuja kukitengeneza, na ndiyo sababu Bwana Haris alitaka mashine isiguswe. Sikufika hata mlangoni, umeme ukarudi. Sauti niliyoisikia sitakuandikia.

Tulipokuwa tunampakia kwenye gari, Bwana Haris alinishika shati hapa kifuani. "I said wait! I said put off cleaning it!" Pale pale, kwenye matope yenye magamba ya samaki, ndipo nilipopata maana ya lile neno nililofundisha miaka yote ile. Wait. Asubiri.

Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo.

Mpaka hapo, mwanangu, nilikuwa mtu aliyekosea neno. Watu hukosea maneno. Wiki mbili baadaye nikawa mtu mwingine.

Walituita ofisini, mimi na Mama Kulwa, mkono wake umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Meneja alimuuliza kwa nini aliingiza mkono ndani ya mashine. Akajibu, "Mwalimu aliniambia nisafishe." Meneja akanigeukia. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria wewe, shule yako, viatu vyako. Ninakuambia hivyo kwa kuwa ni kweli, usije ukadhani nilifanya kwa ajili yako. Zaidi ya yote nilifikiria wafanyakazi wakiambizana kwamba Mwalimu Kiingereza hajui.

Nikasema kwa Kiswahili, mbele yake, "Nilimwambia asubiri."

Mama Kulwa alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akasema polepole, "Basi nitakuwa nimesikia vibaya. Jenereta ilikuwa inapiga kelele. Mwalimu hawezi kusema uongo."

Nikapewa karatasi niandike maelezo yangu kwa Kiingereza. Niliandika: I told her to put off cleaning the machine. Nilimwambia aahirishe kusafisha. Sentensi safi, mtihani ningepata alama zote. Yeye akatia dole gumba la kushoto chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, yanayosema kwamba alikaidi amri. Kwa sababu ya karatasi hiyo hakulipwa fidia yoyote.

Kesho yake nilikwenda shuleni kwangu kwa zamani, nikaomba kamusi kabatini. Sijui nilitaka nini. Labda nilitumaini Bwana Haris ndiye aliyekosea Kiingereza chake mwenyewe. Maana ilikuwapo, na mfano wake, mistari miwili tu.

Sasa nakuja kwenye jambo linalokuhusu wewe. Mama Kulwa alikaa hapa kwetu Igogo miezi michache, kisha akaja kutuaga kwamba anarudi kwao Misungwi. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Alikukalisha chini ajaribu kukusuka kwa mkono mmoja, nywele zikawa zinamponyoka, akawa anazibana kwa meno. Ukamuuliza kwa ule ukweli wa kitoto, "Mama Kulwa, kwani si ulikatazwa? Kwa nini hukusikia?"

Hakukukemea. Alisema, "Masikio yangu, mwanangu. Masikio yangu ndiyo mabaya."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa.

Wewe umelisahau swali lako lile. Nimekusikia hata ukimtaja kwa upendo. Mimi sikulisahau hata siku moja, na kwa miaka saba sikufanya lolote. Nilisema nitakwenda Misungwi baada ya mavuno, baada ya Pasaka, baada ya wewe kumaliza kidato cha nne. Kuna wakati nilipita pale kabisa, ndani ya basi la kwenda Shinyanga, nikageuzia uso dirisha la upande wa pili.

Ulipoingia jikoni na sentensi yako, nilijua siwezi kukuacha uende chuoni kujifunza kufundisha Kiingereza huku ukiwa umelelewa kwa uongo wa ile karatasi. Jumamosi nilikuaga kwamba nakwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda Misungwi.

Nilimkuta uani kwake anamenya mihogo. Anaubana muhogo kwa mguu, kisu kiko mkono wa kushoto, na anakwenda haraka. Amezeeka. Alifurahi kuniona, Tekla, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Tekla hajambo?"

Sikukaa. Nilisema, "Mama Kulwa, siku ile hukukosea kusikia. Mimi nilikosea kusema."

"Rudia," akasema.

Nikarudia yote, la Bwana Haris, la kitufe, la ofisini. Alisikiliza kisu kikiwa hewani.

"Kwa hiyo uliniambia nizime, nisafishe."

"Ndiyo."

"Ndivyo nilivyosikia."

"Ndivyo nilivyosema."

Akakiweka kisu chini. "Baba Kulwa aliondoka, unajua? Alisema hawezi kukaa na mwanamke asiyesikia la wakubwa wake. Na mimi nikasema ana haki." Akayasukuma maganda kando kwa mguu. "Nilikwenda kwa mganga, Mwalimu. Nilimwambia masikio yangu yananisikizisha mambo yasiyosemwa." Akageuza kichwa, akasogeza kitambaa. Nyuma ya sikio kulikuwa na chale, mistari midogo mingi. Akageuza upande wa pili nikaona nyingine. "Mara mbili alinichanja. Dawa ikawa inaunguza mpaka machozi."



"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ileile. Kabla gari halijaondoka."

"Na mtoto wako aliponiuliza, ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

Akawaita Kulwa na Doto. Kulwa ni mama mtu sasa, Doto anaendesha mkokoteni wa ng'ombe. Akaniambia, "Waambie kama ulivyoniambia mimi. Usiruke." Nikawaambia. Doto aliondoka nilipofika katikati, akaenda kusimama na ng'ombe wake amenipa mgongo. Kulwa alivumilia mpaka mwisho. Akauliza ni maneno mangapi hayo ya Kiingereza. Nikamwambia ni mawili. "Mawili tu?" akasema, na akamtazama mama yake mkono.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Mama Kulwa alikiokota kisu, akamenya muhogo mmoja. Mwisho alisema, "Nenda, Mwalimu. Leo sina neno la kukupa." Nikaenda. Sikustahili neno, na sikulingoja.

Jumatatu nilipeleka kiwandani maelezo mapya, nakala nyingine nikaipeleka ofisi ya kazi kule mjini. Bwana Haris alikwisha rudi kwao zamani. Meneja wa sasa aliyasoma mara mbili akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna. Afisa wa ofisi ya kazi alisema faili litafunguliwa upya kama litapatikana. Nitakuwa nakwenda pale kila wiki kuuliza. Jana waliniambia kiwandani nisirudi tena. Leo asubuhi uliponiona natoka na mkebe wangu wa chakula nilikuwa sina pa kwenda. Nilikaa kwenye mawe ya ufukweni mpaka jua likawa kali, nikawatazama akina mama wakisubiri mapanki getini, ile mifupa ya samaki tunayoachiwa baada ya minofu kuondoka. Hicho kilikuwa kidanganyo changu cha mwisho kwako, na ndicho hiki nakifungua.

Kwa hiyo unaondoka ukiwa na baba asiye na kazi. Ada ya mwaka huu imekwisha lipwa. Ya mwaka ujao nitaitafuta kwa kufundisha watoto jioni, kama wazazi watanipa watoto wao wakishasikia. Nikikosa, utakuwa na haki ya kunilaumu, lakini ulaumu siku ile ya ofisini, usimlaumu Mama Kulwa, wala Jumatatu hii.

Utakuwa mwalimu. Sina mengi ya kukufundisha juu ya kazi hiyo zaidi ya niliyokwisha kuyaandika. Iko siku mtoto atanyoosha mkono akuulize neno usilolijua, na darasa zima litakutazama. Utahisi joto shingoni. Mimi ninalijua joto hilo, ni dogo sana, linapita kabla hujafika mwisho wa kusema sijui. Nililikimbia mara mbili. Mara ya kwanza alisimamishwa Devota, na mara ya pili unajua.

Nakiri pia kwamba nakuogopa. Nakuogopa utakapomaliza kusoma hapa uanze kukumbuka yale yote niliyowahi kukuambia, ukipima moja moja lipi la kweli. Pima. Mengi ya kwangu yatapita, mengine hayatapita. Kwamba nilimpenda mama yako ni kweli. Kwamba nilikuwa nakuja kukuangalia usingizini kila siku ya mitihani yako ni kweli. Lakini siwezi kukudai uniamini, maana hata sentensi sahihi nimeifanyia uongo.

Mchana wa leo, ulipokuwa sokoni na shangazi yako, Kulwa alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema mama yake ametuma ujumbe: amesikia Tekla anasafiri, kesho atakuja stesheni. Nikamuuliza anakuja kwa habari gani. Akasema hakuambiwa.

Nami sijui. Pengine anakuja kukuaga tu, mtoto aliyembeba. Pengine anataka kuona kama umeambiwa. Soma barua hii kabla hatujatoka nyumbani. Akikunyooshea mkono wa kushoto, upokee kwa mikono yako yote miwili, mbele ya watu, na kama una neno la kumwambia mwambie, taratibu, kwa Kiswahili. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma na mizigo. Usinigeukie mpaka mmemaliza.

Baba yako